Kabla ya kukilaumu king'amuzi: televisheni ya dijitali inavyotoka mnarani hadi sebuleni

Jioni moja ya Jumamosi, shangazi yangu anayeishi Morogoro alinipigia simu akiwa ameishiwa uvumilivu. Mechi ilikuwa imeingia kipindi cha pili, na kila baada ya dakika chache picha iliganda, mchezaji akabaki na mguu hewani, kisha vijisanduku vya rangi vikatapakaa kwenye kioo na sauti ikakatika. Kabla ya kunipigia alikuwa ameshapata ushauri wa watu watatu. Kijana wa dukani alimwambia king'amuzi kimechoka, anunue kipya. Jirani alimwambia kosa ni la antena yake ya zamani, kwa kuwa siku hizi ni lazima mtu awe na "antena ya dijitali". Mpangaji wake alisema kifurushi ndicho kilichokwisha, alipie tu na picha itatulia. Kila ushauri ulikuwa na gharama yake, na hakuna hata mmoja uliokuwa sahihi.

Siwalaumu washauri wake. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kisha ikaendelea Dodoma na Tanga Januari 2013, Mwanza Februari, Arusha na Moshi Machi, na Mbeya Aprili. Watu wengi waliokuwapo wakati ule wanachokumbuka zaidi ni kwamba waliambiwa wakanunue king'amuzi, la sivyo skrini itakuwa nyeusi. Namna picha inavyosafiri kutoka mnarani hadi sebuleni haikuelezwa kwa kina kama hicho, na ndiyo sababu hadi leo familia nyingi zinatumia fedha kubadilisha kifaa kizima wakati kilichoharibika ni kipande cha waya.

Tuanze na majina. Antena ni vyuma vilivyo juu ya paa au mlingoti vinavyonasa mawimbi yanayorushwa na mnara uliopo hapa hapa duniani. Dishi, ambalo wengine huliita ungo, hunasa mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye setilaiti iliyo umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. King'amuzi, ambacho katika maandishi ya kiserikali ya Tanzania huitwa pia kisimbuzi, ni kisanduku kinachopokea mawimbi hayo yakiwa katika umbo la namba na kuyafumbua yawe picha na sauti ambazo televisheni inazielewa. Madukani tumezoea kusema "king'amuzi cha antena" na "king'amuzi cha dishi", na usemi huo wa mtaani ni sahihi kabisa, kwa sababu vifaa hivyo viwili haviwezi kubadilishana kazi hata kama vimetengenezwa na kampuni moja na vina rangi moja. Makala haya yanahusu kile cha antena.

Analojia na dijitali zinatofautiana wapi

Dhana ya kwanza ya kuondoa ni kwamba dijitali ilileta mawimbi mapya. Mawimbi ni yale yale ya redio, yanasafiri kwa mwendo ule ule wa mwanga, na yanazuiliwa na milima ile ile iliyoyazuia zamani. Kilichobadilika ni mzigo yanaoubeba. Katika analojia, wimbi lilikuwa linafuata picha yenyewe hatua kwa hatua, mwanga ukiongezeka na lenyewe linabadilika kwa kiasi hicho hicho. Katika dijitali, picha hugeuzwa kwanza kuwa mfululizo mrefu wa sifuri na moja, na namba hizo ndizo zinazopandishwa kwenye wimbi.

Fikiria umepigiwa simu na ndugu aliye safarini, na mtandao ni mbovu. Akikusimulia habari za msiba au harusi, hata ukikosa neno moja kati ya matano utaelewa kilichotokea. Hiyo ndiyo analojia: mawimbi yakidhoofika picha huingia chenga, lakini bado unamwona mtangazaji na unajua anachosema. Sasa fikiria ndugu huyo huyo anakusomea namba 20 za LUKU. Ukizisikia zote, umeme unawaka. Ukikosea moja tu, mita inakataa, na haikupi nusu ya umeme kwa kuwa ulipatia nusu ya namba. Dijitali iko hivyo. King'amuzi kinataka namba zilizo sahihi, na zikipungua kupita kiasi fulani hakina cha kukuonyesha.

Mfano huo unahitaji nyongeza moja. Wahandisi wanajua kwamba njiani namba zitapotea, kwa hiyo pamoja na namba za picha hutumwa namba za ziada za kukagulia, ambazo king'amuzi huzitumia kukisia na kurekebisha zilizopotea. Ni kama ndugu yako angekuwa anakupa na jumla ya kila kundi la namba nne, ili ukikosa moja uweze kuitafuta kwa hesabu. Kwa sababu hiyo picha ya dijitali hubaki safi kabisa hata mawimbi yanapopungua, yakipungua zaidi bado safi, mpaka yafike mahali ambapo marekebisho hayawezekani tena, na hapo picha huvunjika ghafla. Ni kama mtu anayetembea juu ya tambarare iliyoishia kwenye genge: hatua moja kabla ya ukingo hakuna dalili yoyote ya hatari.

Jambo hili linaeleza malalamiko mengi kuliko jambo jingine lolote nitakaloliandika hapa. Mtu husema, "Jana ilikuwa inaonyesha vizuri sana, leo imekufa, basi wamezima mtambo." Huenda mtambo uko sawasawa. Huenda jana alikuwa amesimama kwenye ukingo wa genge bila kujua, na leo tawi la mwembe limeongeza majani kidogo, au upepo umeigeuza antena kwa upana wa kiganja. Kwa upande mwingine, mtu anayelalamika kwamba picha ina ukungu au uso wa mtangazaji hauna ncha kali, huku haigandi wala haikatiki, hana sababu ya kupanda darini. Picha ya namna hiyo imefika kwake kama ilivyotumwa. Ilibanwa sana kule kule kituoni ili itoshee pamoja na nyingine.

Gari la mtu mmoja na basi la abiria

Hapo ndipo tunafika kwenye neno multipleksi, ambalo husikika mara nyingi katika habari na kufafanuliwa mara chache. Zamani kila kituo cha televisheni kilikuwa na mtambo wake na kilipewa sehemu yake ya masafa, yaani njia yake ya mawimbi hewani, yenye upana wa megahezi 8 (megahezi ni kipimo cha masafa) kwa kawaida yetu. Ni sawa na kila mtu kuendesha gari lake peke yake barabarani. Multipleksi ni basi. Katika sehemu ile ile ya megahezi 8, mfumo wa DVB-T2 unaotumika Tanzania na Kenya unaweza kupakia chaneli 15 hadi 20 za ubora wa kawaida, na mwenye basi hulazimika kuamua kama atapakia wengi kwa kubanana au wachache kwa nafasi. Chaneli za ubora wa juu hula viti vingi, ndiyo maana ni chache.

Nchini Tanzania leseni za kuendesha mabasi hayo zilitolewa mwanzoni kwa kampuni tatu: Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. Wananchi waliyajua zaidi majina ya ving'amuzi vyao, yaani StarTimes, Ting na Digitek. Kituo cha televisheni kikawa na kazi ya kutengeneza vipindi, na mwenye multipleksi kazi ya kuvisafirisha. Matokeo yake kwa mtazamaji ni kwamba chaneli zinazosafiri katika basi moja huonekana pamoja na kupotea pamoja. Ukiona chaneli kumi zimetoweka kwa mpigo na nyingine kumi zipo, usidhani vituo kumi vimefungiwa. Ni wimbi moja lililoshindwa kukufikia. Na chaneli moja ikipotea peke yake wakati wenzake wa basi hilo wapo, antena yako haina hatia.

Sababu ya mataifa kuhamia huku ilikuwa hasa ni uhaba wa masafa. Makubaliano yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo mengi ya analojia barani Ulaya, Afrika na katika sehemu za Asia. Masafa yaliyookolewa kwa kubeba chaneli nyingi katika nafasi ndogo, hasa yale ya juu ya megahezi 694, yakaelekezwa kwenye intaneti ya simu. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu lina uhusiano na busta, yaani kikuza mawimbi, iliyo juu ya paa la jirani yako.

Kenya ilionja upande mchungu wa mabadiliko haya. Februari 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa katika eneo la Nairobi, vituo vya Citizen, NTV, KTN na QTV vilitoweka hewani kwa karibu majuma matatu, kwa sababu wamiliki wake walikuwa katika mvutano na mamlaka, hawakutaka kubebwa na wenye mitambo waliokuwapo, na mtambo wao wa pamoja haukuwa tayari. Wapo waliofungua na kufunga visimbuzi vyao mara nyingi siku hizo wakidhani vimeharibika, kumbe abiria walikuwa hawajapanda basi lolote.

Kulipia na kutolipia

Mkanganyiko wa fedha unatokana na kuchanganya mambo mawili: mawimbi kukufikia, na ruhusa ya kuyafungua. Chaneli isiyolipiwa hurushwa ili yeyote aliye na kifaa cha kuipokea aione. Chaneli ya kulipia hufungwa kwa ufunguo wa namba, na king'amuzi chako hupewa ufunguo huo pale malipo yanapoingia. Kwa utaratibu uliowekwa Tanzania, chaneli zenye leseni ya kutazamwa bila malipo zinapaswa kuendelea kuonekana kwenye king'amuzi cha antena hata kifurushi kikiisha. Mwenye king'amuzi cha antena anayelipia kila mwezi ili tu aangalie taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya kituo cha aina hiyo analipia kitu ambacho ni haki yake bila malipo.

Kwa dishi hali ilikuwa tofauti, na ndiyo maana Agosti 2018 watazamaji wengi walishangaa chaneli za ndani zilipoondolewa kwenye ving'amuzi kadhaa vya setilaiti. Leseni za watoa huduma hao zilikuwa za matangazo ya kulipia, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisema hazikuwaruhusu kubeba chaneli zisizolipiwa. Kanuni zilirekebishwa baadaye, lakini kumbukumbu ya siku zile bado inawafanya watu waamini kwamba chaneli ya nyumbani haiwezi kuonekana bila kifurushi.

Kipimo cha haraka ni ujumbe unaotokea kwenye skrini. Kifurushi kikiisha, king'amuzi huandika kwamba hujalipia au kwamba chaneli imefungwa, na picha hukosekana moja kwa moja bila kuyumba. Mawimbi yakikosekana, king'amuzi huandika kwamba hakuna mawimbi, na kwa kawaida kabla ya hapo picha imeganda na kurudi mara kadhaa. Picha ya shangazi ilikuwa inaganda na kurudi. Hakuna kifurushi kinachoisha na kurudi kila baada ya dakika tatu.

Hakuna antena ya dijitali

Neno "antena ya dijitali" lililoandikwa kwenye maboksi madukani limewagharimu watu fedha nyingi. Antena ni chuma. Haijui kama wimbi linalopita limebeba namba, picha ya analojia au sauti ya redio. Inachojua ni urefu wa wimbi. Matangazo yetu ya dijitali yako katika masafa ya UHF, kati ya megahezi 470 na 694, ambako wimbi moja lina urefu wa sentimita 43 hadi 64 hivi. Antena hunasa vizuri vijiti vyake vinapokuwa karibu na nusu ya urefu huo, yaani sentimita 20 hadi 30 na ushee. Umbo lile la mifupa ya samaki tulilolizoea ni ubunifu wa Wajapani Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda wa mwaka 1926, na bado linafanya kazi vizuri kuliko antena nyingi bapa za plastiki zinazobandikwa ukutani.

Kuna tahadhari moja ya kweli hapa. Baadhi ya antena za zamani zilitengenezwa kwa masafa ya VHF, yaliyo chini ya UHF na yenye mawimbi marefu zaidi, na vijiti vyake ni virefu, vinakaribia au kuzidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Antena yenye vijiti virefu pekee itanasa UHF kwa shida. Kwa hiyo ukitaka kujua kama antena yako inafaa, chukua rula upime vijiti, usisome neno lililoandikwa kwenye boksi.

Dhana inayofanana na hiyo ni ile ya kwamba televisheni bapa ni ya dijitali na haihitaji king'amuzi. Ubapa wa kioo na maneno ya kusifu ubora wa picha yanahusu nukta za kwenye skrini. Uwezo wa kupokea matangazo unategemea kipokezi kilichomo ndani, na alama ya kutafuta kwenye kibandiko au kwenye kitabu cha maelezo ni DVB-T2. Iliyoandikwa DVB-T peke yake, bila ile namba 2, ni ya kizazi kilichotangulia na haitafumbua matangazo yetu. Televisheni yenye kipokezi cha T2 inaweza kuonyesha bila king'amuzi chaneli zilizorushwa zikiwa wazi, lakini zilizofungwa kwa ufunguo itaziorodhesha tu na kukuachia skrini nyeusi.

Mistari miwili kwenye skrini

Ukibonyeza rimoti na kufungua ukurasa wa king'amuzi unaohusu mawimbi, utaona mistari miwili yenye asilimia. Mmoja unaonyesha nguvu ya mawimbi na mwingine ubora wake. Mafundi wengi wa mtaani huangalia wa kwanza na kuridhika. Wa maana zaidi ni wa pili. Nguvu ni wingi wa sauti inayokufikia, na ubora ni kiasi gani cha sauti hiyo kinaeleweka. Mtu anaweza kukupigia kelele sikioni katikati ya mnada; nguvu ipo, maneno hayasikiki.

Kutokuelewa tofauti hiyo ndiko kunakowafanya watu waamini kwamba busta hutibu kila kitu. Busta ni kama spika ya mkutano: hukuza sauti ya msemaji pamoja na mluzi wa upepo ulioingia kwenye kipaza sauti, na kisha huongeza mvumo wake yenyewe. Mawimbi yaliyofika kwenye antena yakiwa yamechafuka hayawezi kusafishwa na busta. Kazi yake halali ni kufidia kinachopotea njiani ndani ya kebo ndefu, na kwa hiyo mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla uchovu wa kebo haujaanza. Busta inayowekwa nyuma ya televisheni inakuza kilichobaki baada ya hasara kutokea.

Kwa aliye karibu na mnara, busta inaweza hata kuleta madhara, kwa sababu king'amuzi hulemewa na mawimbi makubwa kupita kiasi na kushindwa kuyasoma. Na nyingi ya busta za zamani zilitengenezwa kukuza masafa yote hadi megahezi 862, ambayo sehemu yake ya juu, kama nilivyosema, sasa imepewa simu. Mnara wa simu uliojengwa mtaani kwenu unaweza kuingia kwenye busta hiyo na kufunika matangazo ya televisheni. Ikiwa picha ilianza kusumbua baada ya mnara wa simu kusimikwa karibu, jaribu kuitoa busta kabla ya kununua kubwa zaidi. Hakikisha tu kwamba umeunganisha antena moja kwa moja na kebo, maana busta iliyoachwa mahali pake bila umeme huyazuia mawimbi badala ya kuyapitisha, na nimeona nyumba zaidi ya moja ambako mtoto alichomoa adapta ya busta ili achaji simu.

Nilichokikuta Morogoro

Wiki moja baada ya simu ile nilimtembelea shangazi. Nguvu ilisoma asilimia 71, na ubora ulikuwa unarukaruka kati ya 18 na 40. Antena yake ilikuwa ya zamani kweli, imepauka, lakini vijiti vyake vilikuwa vya UHF na vyote vimekamilika. Nilifuata kebo kutoka kwenye mlingoti. Mita mbili chini ya antena ilikuwa imeungwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa mfuko wa nailoni, na nailoni ile ilikuwa imechanika kwa jua. Nilipoifungua, maji yalidondoka. Waya wa shaba wa katikati ulikuwa umegeuka kijani, na ule utando wa nyuzi unaouzunguka ulikuwa umeoza kiasi cha kubaki unga mweusi vidoleni.

Kebo ya antena inaonekana kama waya wa kawaida, lakini ni bomba. Mawimbi husafiri katika nafasi iliyopo kati ya waya wa katikati na utando wa nje, na vipimo vya nafasi hiyo vimepangwa kwa makini ili yasirudi nyuma wala kuvuja. Ndiyo maana kutumia waya wa umeme au wa spika, kama wafanyavyo wengine, ni kumwaga mawimbi njiani. Ndiyo maana pia maungio ya kusokota ni mabaya hata yakiwa makavu. Hata kebo nzuri, ile iliyoandikwa RG6 ubavuni, hupoteza takriban nusu ya nguvu katika mita 20, na maji yakiingia hasara huwa haihesabiki. Nilikata sehemu iliyooza, nikaweka viungio viwili vya kuskurubu na kipande kifupi cha kati, nikazungushia utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze kama kwenye vigae. Kisha nikaikunja kebo chini kidogo kabla haijaingia ndani ya ukuta, ili mvua idondokee nje. Ubora ulipanda hadi 84 na ukakaa hapo hapo. Vifaa vyote vilinunuliwa kwa bei ndogo kuliko king'amuzi alichoambiwa akanunue.

Hapo pia kuna jibu la swali la mvua. Wengi husema televisheni ya dijitali haipendi mvua. Mawimbi ya dishi yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya. Hilo ni kweli kabisa. Mawimbi ya antena ni marefu mara nyingi zaidi na hupita katikati ya mvua bila kuijali. Antena ikisumbua wakati wa mvua, kwa kawaida maji yameingia mahali: kwenye maungio, kwenye kisanduku cha busta, au kwenye majani mazito yaliyolowa mbele ya antena.

Kuielekeza antena

Mawimbi ya UHF hupenda njia iliyonyooka. Mnara wenye kimo cha mita 150 juu ya ardhi tambarare hauonani na antena ya juu ya paa zaidi ya kilomita 60 hivi, kwa sababu dunia yenyewe hujikunja katikati, na mlima huweza kuufupisha umbali huo hadi kilomita chache. Wanaoishi nyuma ya vilima vya Uluguru, Usambara au Upare wanajua kwamba nyumba mbili zilizo kwenye kijiji kimoja zinaweza kuwa na bahati tofauti kabisa. Kuna mahali ambapo hakuna antena itakayosaidia, na fundi mkweli atakuambia uende kwenye dishi.

Antena ielekee mnara kwa upande wa vijiti vifupi, na ikae mbali na bati, ambalo ni kioo kwa mawimbi: hukinga yanayotoka upande mmoja na kurudisha yanayotoka upande mwingine. Antena ya ndani chini ya paa la bati ni kama mtu aliyefungwa macho. Tazama pia kama antena za majirani zimelazwa vijiti vikiwa sambamba na ardhi au vimesimama wima, kwa sababu mnara hurusha kwa ulalo mmojawapo, na kukosea hapo hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi hata kama mwelekeo ni sahihi. Kisha igeuze polepole, kidogo kidogo, huku mtu mwingine akikusomea mstari wa ubora, na baada ya kila hatua subiri sekunde chache, maana king'amuzi huchelewa kutoa hesabu. Mlingoti wa chuma usiwekwe kamwe mahali ambapo ukianguka utagusa nyaya za umeme.

Minara ikibadilishiwa masafa, king'amuzi hakitajua chenyewe mpaka ukiamuru kitafute chaneli upya. Wengi hukiacha miaka mitano bila kufanya hivyo.

Nilipokuwa naaga, shangazi aliuliza jambo la mwisho. Jirani yake husikiliza mechi redioni, na hushangilia goli wakati yeye bado anaona mpira uko katikati ya uwanja. Je, hiyo nayo ni kebo? Nikamweleza kwamba sivyo. Picha ya dijitali hubanwa uwanjani, mara nyingi hupandishwa setilaiti na kushushwa, hubanwa tena ili ipakiwe kwenye basi pamoja na nyingine, kisha king'amuzi hukusanya sekunde kadhaa za namba kabla ya kuzifumbua. Redio ya kawaida hairundiki namba hizo, nayo hufika kwanza. Anayetazama kwa intaneti ya simu huchelewa zaidi ya wote. Shangazi akasema basi atamwomba jirani ahamishie redio yake upande wa pili wa nyumba.